Aliambiwa Aichukue

Marehemu hakufukuzwa kazi, na hakuiba. Nayatanguliza haya mawili kabla ya tarehe ya kuzaliwa kwa sababu uvumi umetutangulia hata hapa makaburini. Mimi mjane wake ndiye niliyeandika wasifu huu. Anausoma shemeji yangu, mdogo wake marehemu, na ameombwa asiongeze neno wala asipunguze, hata la mzaha.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1965, mtoto wa tatu wa mkata tiketi wa reli na fundi cherehani, katika nyumba ambayo chumba chake cha mbele kilikuwa cha kushonea. Mama yake hakuwa akikata kitambaa cha mtu kabla ya kumrudia maneno yake mwenyewe. "Umesema mikono mirefu, kola ya duara, na nafasi ya kunenepa. Ndivyo?" Siku moja alimwachia mwanawe apokee kazi. Mteja akaagiza sare ya shule "kama ya mtoto wa jirani". Marehemu akampima mtoto wa jirani wa kulia, kumbe aliyekusudiwa ni wa kushoto, na vifungo vya sare ile viliruka siku ya kwanza darasani. Mama hakumchapa. Alimwambia tu, "Ungemuuliza, asingekucheka. Sasa anakucheka." Tangu hapo mtu hakumwambia jambo zito bila kusikia, "Naomba nirudie nilivyoelewa."

Alianza shule ya msingi mwaka 1972, akamaliza sekondari ya bweni mwaka 1985, akapata stashahada ya uhasibu mwaka 1988. Shahada ya usimamizi wa biashara aliipata mwaka 1996 kwa masomo ya jioni, akiwa tayari ni mume na baba. Vyeti vyake vimetundikwa sebuleni, na wanaotusema leo wameshakunywa chai chini yake.

Tulifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1993. Alipokuja kuposa, shangazi aliyenilea alimweleza wazi: "Mtoto wetu hapendi kelele, hapendi mtu wa kuchelewa, na jikoni usimtegemee." Marehemu akakaa vizuri kwenye kiti. "Naomba nirudie nilivyoelewa, shangazi. Nisipige kelele, niwahi nyumbani, na nipike mimi." Shangazi alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamdondoka. "Mshikeni huyu kabla hajazinduka," akasema. Alipika kweli. Wali wake ulikuwa na ukoko mwingi kuliko wali, lakini hakuna aliyelala njaa.

Aliajiriwa tarehe 2 Septemba 1991 na kampuni ya kuuza majokofu, akiwa karani wa hesabu, na mwaka 1999 akawa mchambuzi wa biashara. Watu walipomuuliza ni kazi gani hiyo, alijibu, "Nalipwa kuuliza maswali ya kijinga kabla kampuni haijafanya jambo la kijinga."

Mwaka 2008 wateja walilalamika kwamba majokofu hayagandishi. Wakubwa wakamtaka apendekeze yaagizwe makubwa ya kiasi gani. Wengine wangekaa ofisini na kompyuta. Yeye alikwenda kukaa juu ya kreti katika duka la mama muuza maziwa, kutwa nzima, akitazama mlango wa jokofu ukifunguliwa na kufungwa. Aliona mpira wa mlango umelegea. Aliona mgongo wa mashine umebanana na ukuta unaopigwa na jua, na vumbi limeufunika kama blanketi. Akauliza, "Mama, likizima unapoteza nini?" Mama akamjibu, "Maziwa napoteza, na wateja pia. Jokofu jipya la nini, mwanangu? Mimi nataka mtu wa kuliangalia hili kabla halijaniaibisha."

Akarudi ofisini na jibu ambalo halikuwa la swali aliloulizwa: mteja hahitaji jokofu kubwa, anahitaji kukaguliwa alilonalo kabla halijaharibika. Hakuomba jengo wala gari. Aliomba mafundi wawili na maduka machache ya kujaribia, akisema wazo ni kama kiatu, huwezi kulisifu kabla ya kulitembelea. Likatembea vizuri. Kwa miaka miwili aliendesha biashara yake ndogo ndani ya tumbo la kampuni, na maduka yakawa yanaomba yenyewe kuingizwa. Lakini mashine zisizokufa hazinunuliwi upya, na wenzake wa mauzo wakaanza kumwambia kwenye ngazi: "Kaka, unatuziba riziki."

Nilianza kuogopa wakati huo. Alikuwa akirudi nyumbani, anapika, lakini mwenyewe hali chakula.

Tarehe 11 Februari 2011 kitengo chake kilifungwa, katika kikao kilichofanyika ukumbini mbele ya idara zote. Alipoomba wateja wale wasiachwe hivi hivi, mkurugenzi alimwambia, "Kama unaipenda hivyo huduma yako, ondoka nayo." Watu wakacheka. Marehemu hakucheka. Alisimama akasema, "Mkurugenzi, naomba nirudie nilivyoelewa. Kampuni haiitaki tena huduma hii, na mimi nikiondoka nina ruhusa ya kuichukua na kuifanya kuwa yangu." Mkurugenzi akajibu, "Chukua, bwana. Haituhusu." Aliaga kazini kwa heshima mwezi uliofuata. Nilimsihi arudi akaombe maneno yale kwa maandishi. Alinijibu, "Mama watoto, nimemrudia maneno yake, naye amekubali. Ukumbi mzima umesikia." Hilo ndilo lililokuwa kosa lake: aliamini kwamba aliyesikia atasema.

Nje ya kampuni mambo yalikuwa magumu. Alidhani maduka yale yangemfuata, kumbe yalizoea jina la kampuni lililokuwa mgongoni mwa koti lake. Alikaa mezani akajiuliza maswali yaleyale aliyowauliza wengine: shida hii ni ya nani, na nani haimpi usingizi? Akagundua kwamba duka la soda likizimikiwa husubiri kesho, lakini bucha, muuza maziwa na zahanati yenye chanjo hawana kesho. Akaacha mengine yote, akawafuata hao. Mteja wake wa kwanza alikuwa yule mama wa maziwa. Karakana aliyoifungua ikasimama imara, na jokofu lililopozesha maji ya kunywa siku ya leo ni kazi ya mikono yake.

Mwaka 2022 alianza kuvimba miguu. Mtu aliyesikia mashine inaumwa kabla haijazima aliupuuza mwili wake, akisema ni uchovu. Figo zilikuwa zimechoka kuliko yeye. Mwezi Mei mwaka huu daktari alitueleza kwa upole na kwa kuzunguka sana, na marehemu akamsaidia: "Naomba nirudie nilivyoelewa, daktari. Hakuna tena kipuri." Daktari aliinamisha kichwa. Alifariki hospitalini asubuhi ya Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024, nikiwa nimemshika mkono.

Hata kabla hajapelekwa chumba cha maiti, kuna waliowapigia wateja simu kuwaambia kwamba huduma ile iliibwa, na kwamba kampuni itaifunga karakana sasa kwa kuwa mwenyewe hayupo. Jana mwenye bucha alimuuliza binti yetu mlangoni, "Dada, nitafute fundi mwingine, au kesho mtakuwepo?" Ndiyo maana ninaandika.

Marehemu ameacha mjane, ambaye ni mimi, mwalimu mkuu mstaafu; binti yetu wa kwanza, anayeongoza karakana; mwana wetu wa kiume, aliye mhandisi; wajukuu watatu; shemeji yangu anayesoma; na mafundi ambao mishahara yao inategemea ukweli wa siku moja ukumbini.

Mkurugenzi wa wakati ule ametuheshimu kwa kuja, na ameketi nasi. Wengi waliokuwa ukumbini nao wapo. Kwa hiyo naomba nirudie alivyoelewa mume wangu: kwamba kampuni haikuitaka huduma ile, kwamba aliambiwa aichukue, na kwamba aliichukua mchana kweupe. Mwenye kusahihisha asahihishe sasa, jeneza likiwa bado juu.

(Msomaji anyamaze hapa. Asome yaliyobaki ikiwa tu hakuna aliyesimama.)

Basi ndivyo ilivyokuwa, na nyote mmesikia. Karakana itafunguliwa kesho asubuhi kama kawaida.

Lala salama, baba watoto, umeeleweka.

Sisemi zaidi ya haya, na nisiulizwe.