Kofia Aliyoiacha Katikati

Asalaam aleikum, ndugu zangu. Wengi hapa mnanijua kwa nyumba yangu ya Kiembe Samaki na kwa stashahada yangu ya umeme. Sioni haya kujisifu: niliondoka kisiwani na begi moja, nikaingia jeshini, nikarudi, nikasoma, nikajenga kwa jasho langu. Leo nitasema nilichoshindwa.

Nilikuwa na rafiki, mtu wa Matemwe. Tulipelekwa pamoja vitani Kongo. Kila jioni alikaa juu ya kasha akidarizi kofia. Mama yake alimchorea maua kwa penseli, yeye akiyafuata kwa sindano. Nikimtania, "Jeshi zima, bi harusi ni wewe." Akinijibu, "Cheka tu. Nikiimaliza utaniomba."

Hakuimaliza. Gari lao lilishambuliwa njiani. Mimi nilikuwa kwenye gari la mbele. Nikaichukua kofia ili nimpelekee mama yake kwa mkono wangu. Sikulia. Nikarudi Unguja, sikulia. Mtoto wangu akazaliwa, nikampakata kama mzigo wa mtu. Na Matemwe sikwenda, miaka minne.

Siku moja mke wangu akaniambia, "Umetia taa vyumba vyote, mwenyewe umezimika."

Nikaamua kwenda. Lakini nawaambia, ndugu zangu, kiburi hakikuniacha: mtu kama mimi nimpelekee mama wa watu kofia nusu? Nikampa fundi hodari wa mjini. Akaimaliza, akaifua, ikapendeza.

Nikafika Matemwe kwa mama yake. "Shikamoo, Bi Mkubwa," nikasema, nikamtajia jina langu na ninakokaa.

"Marahaba. Kiembe Samaki hapo tu. Miaka minne, ulikuwa unatambaa?"

Nikampa kofia. Akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole polepole, kikasimama.

"Mwanangu kaishia hapa. Huku kwengine kashona nani?"

"Fundi, Bi. Nilitaka ikufikie nzima."

"Nani kakwambia nnaitaka nzima?"

Akachukua wembe, akaanza kufumua kazi ya fundi. Macho yake hayaoni vizuri, nikauomba wembe. Tukafumua mpaka adhuhuri, tukafika kwenye ua la mwisho la mwanawe. Hapo nikamweleza nilichokiona siku ile njiani. Nilikuwa sijamwambia mtu. Hata hapo sikulia, ila nilipitisha kidole kwenye vitundu vya sindano, na nikavihisi. Kwa miaka minne nilikuwa sihisi kitu.

Namshukuru mke wangu, namshukuru mama yule, nakushukuruni nyinyi mnaonisikiliza bila kunikatiza. Ukiwa na amana ya marehemu, ipeleke mapema, na ipeleke kama ilivyo. Usiitengeneze ili uonekane wewe.

Kofia iko kwake ukutani. Upande mmoja maua, upande mmoja vitundu vitupu vya sindano. Siku hizi naenda kila Ijumaa. Wiki iliyopita nilimwomba niivae niende nayo msikitini.

"Ngoja mwenyewe aimalize," akasema, akanipakulia chakula.