Tsonka Bakalova na Doa la Ukubwa wa Dengu

Ndugu, majirani na marafiki mliofika leo, familia imeona vyema msikie maisha ya mama yetu Tsonka Doycheva Bakalova jinsi yalivyokuwa, pamoja na sehemu ambayo jana tuliombwa kwa upole tuiruke.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1951 kijijini Enina, mtoto wa pili wa Doycho Peev, mkulima wa mawaridi, na mkewe Stoyna. Alisoma hapo hapo kijijini tangu 1958 hadi 1966, kisha akaingia shule ya ufundi wa umeme mjini Kazanlak, msichana pekee katika darasa la watu ishirini na sita, akamaliza Juni 1970 akiwa wa tatu, si wa nne kama ilivyoandikwa kwenye tangazo la msiba lililobandikwa mlangoni.

Tarehe 1 Septemba 1970 aliajiriwa katika gereji ya mabasi ya mji kama fundi umeme, akafanya kazi hiyo mpaka tarehe 31 Desemba 2006. Alifunga ndoa na marehemu Marin Bakalov tarehe 17 Februari 1974, wakajaliwa watoto wawili, Doychin mwaka 1975 na Nedyalka mwaka 1979.

Mwaka 1991 alijiunga na Chama cha Magari ya Zamani cha mji wetu, mwanamke wa kwanza kuandikwa katika daftari lake, na Jumamosi tarehe 22 Mei 1993, siku moja kabla ya mashindano ya maonyesho, aliitwa kulitazama gari la Kiingereza la mwaka 1962 la mwenyekiti, Mzee Rashko Karastoev, ambaye tunamshukuru kwamba yuko nasi hapa. Mzee Rashko alikuwa amelifufua gari hilo kwa miaka minne, akaipaka dashibodi mikono mitatu ya rangi, mbele na nyuma, lakini lilipowashwa mshale wa joto ulikimbilia kwenye nyekundu, na wanaume wote wakakubaliana kwamba gasketi imeungua na injini ifunguliwe. Marehemu aliweka kiganja juu ya rejeta, akakiacha hapo, akawauliza, "Maji yanachemka, na mkono wangu je, umeiva?" Kisha akawaonyesha mshale wa mafuta, uliosema tangi limejaa pomoni ilhali walikuwa wametia lita kumi tu, akasema, "Waongo wawili wakitoa uongo mmoja, mtafuteni aliyewafundisha."

Mzee Rashko alimjibu, "Dada Tsonka, hili si basi lako la Enina, usije ukanigusia rangi," naye akasema, "Basi fungua injini, Mzee, mimi nitakunywa kahawa," lakini hakunywa, alilala chali chini ya usukani, kwa kuwa geji zile mbili zililishwa umeme na kikebe kimoja cha kupunguza nguvu yake, kilichofungwa kwa skrubu nyuma ya dashibodi, na kikebe hicho kisipogusa chuma kitupu huachia umeme wote na mishale ikapanda. Kwa kisu cha mfukoni alikwangua rangi chini ya skrubu, doa la ukubwa wa dengu, akakaza, na mishale yote miwili ikashuka mahali pake.

Kesho yake mwamuzi mwenye kioo na tochi aliliona doa lile, akakata alama moja, na gari likawa la pili. Jumatatu jina la marehemu lilifutwa daftarini, akaambiwa litarudishwa siku atakapoandika barua ya kuomba radhi, naye kwa karibu miaka thelathini na mmoja hakuiandika.

Mwaka 2009 gari hilo lilipakwa rangi upya, na Doychin, aliyeitwa kufunga nyaya, alikuta Mzee Rashko ameshabandika kipande cha utepe nyuma ya dashibodi kwa mkono wake mwenyewe, chini ya skrubu ile ile, ili chuma pale kisipakwe. Aliposimuliwa, marehemu alicheka mpaka akakaa chini, akasema, "Haya, barua ya radhi imeandikwa, ila si mimi niliyeiandika."

Moyo wake ulianza kusumbua Novemba 2022. Januari mwaka huu chama kilimletea barua hiyo ya radhi iliyokwisha chapwa, atie sahihi tu ili bendera ya chama iletwe mazishini, naye akaigeuza, akaandika nyuma yake orodha ya vitu vya kununua sokoni. Alifariki Jumanne tarehe 9 Aprili 2024, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani wa mlango B waliochemsha ngano ya matanga na kuoka mikate, wafanyakazi wenzake wa gereji, na wanachama waliokuja leo bila bendera. Daftari liko kwenu, na kalamu pia, barua haitakuja.

Pumzika, mama, kwa amani ya mtu aliyesema kweli. Hukuomba radhi ukiwa hai, nasi hatutaiomba kwa niaba yako.