Karatasi chini ya Mutungi

Manassé, fungua dirisha. Débora, kaa hapa karibu na kichwa yangu, na bwana Philémon akae kwa mulango na kalamu yake mukononi, juu minyi njo nilimuita. Musinikate maneno, batoto bangu. Nikinyamaza, mungojee; ni pumzi inapungua, sijamaliza.

Nyumba hii, vyumba vya barabarani ni ya Manassé, chumba ya nyuma na shamba ya mihogo ni ya Débora, na musigombane. Hiyo imeisha. Haiko juu yake niliwaita.

Niliwaita juu ya ile nyumba ya ufundi mutaa yetu ilifungua Siku ya Mungu iliyopita, pembeni ya soko. Mulinibeba na kiti mupaka kule. Tuliona viti vya kuchonga, mikeka, ngoma, na picha ya bantu ba kwanza balikuya kukata majani hapa wakati reli ilifika Kamina. Na katikati, juu ya meza, mutungi mukubwa mweusi, chini yake karatasi: Kazi ya Mwadi, mufinyanzi wa mutaa. Bantu ba Kaniama na ba Bukama balipiga makofi. Nililia, na muliwaza ni furaha.

Ule mutungi sikufinyanga minyi. Alifinyanga mama ya baba yenu.

Munajua mukwe hatajwi jina. Toka siku niliingia kwake mupaka leo jina yake haijatoka mu kinywa yangu. Tukikutana njiani, minyi njo nilikuwa napita mu majani. Alikufa Manassé hajaota meno. Basi bwana Philémon alipokuya kukusanya vitu vya zamani vya ile nyumba akauliza, "Mama, mutungi huu ni kazi ya nani?" nilinyamaza. Akauliza tena. Nilinyamaza. Akacheka kidogo, akasema, "Mama iko na haya," akaandika jina yangu. Weye Philémon ulikulia kwa misioni, hukujua mwanamuke akinyamaza vile, njo jina ya mukwe iko nyuma ya meno.

Lakini hata hapa nawadanganya. Ningeweza kusema "nkambo ya batoto bangu," ni kusema mama ya baba yao, kila mwanamuke anasema hivyo juu ya mama-mukwe, na haiko kosa. Sikusema. Ilikuwa wivu tu, nikaivalisha heshima.

Marehemu baba yenu alikuwa anakunywa maji ya mutungi ya mama yake tu. Ya mutungi yangu alikuwa ananawa miguu. Yule mama alikuwa anapitisha kidole mara moja ku mudomo wa mutungi, hatazami hata, anaongea habari ya mihogo, na mudomo inatoka sawasawa. Minyi nilikuwa nashinda juani siku nzima, na mu moto mutungi yangu inapasuka. Alipokufa aliacha mitungi mbili, ule mukubwa mweusi na mwenzake. Sisi bafinyanzi tunatwanga vigae vya zamani na kuchanganya na udongo mupya, usipasuke. Basi nilikamata mutungi wake moja, muzima, nikauvunja, nikautwanga mu kinu, nikachanganya na udongo yangu, nikasema leo mukono yake itaingia mu yangu. Nilitoa mitungi tatu. Yote ilivuja. Baba yenu akauliza mutungi ya mama iko wapi, nikasema mbuzi ilivunja. Alilia, mwanaume mukubwa vile, na minyi nikafurahi.

Na weye, Débora. Ulipozaliwa baba yenu alisema, mama amerudi, tumupe jina yake. Nikasema, nitamuitaje mutoto yangu na jina siwezi kutaja? Benzangu mutoto vile banamuita tu "mama" na inaisha. Minyi nilikataa mupaka akachoka, nikakupeleka kwa pasta upewe jina ya Biblia peke yake. Ukafika miaka sita, ukakamata udongo, ukapitisha kidole. Mara moja, hukutazama hata. Njo sababu nilikufukuza ku udongo nikakutuma ujifunze kushona. Hata sasa nikiona ule mukono, roho inaniuma. Nisamehe, lakini inauma.

Hapana, maji ngoja.

Philémon, kesho toa ile karatasi. Kuko mutungi nyuma ya jikoni, ule kuku banakunywa maji. Huo ni kazi yangu. Uubebe, uuweke pembeni ya ule mukubwa, chini, ku sakafu, na hapo njo uandike Mwadi. Bantu bakicheka, bacheke. Lakini usiuweke mbali sana.

Na ku ule mukubwa... umeshika kalamu? Manassé, karibia, shika dada yako. Mungu awatunze bote mbili, mihogo yenu iote, batoto benu bawazike nyinyi, musiwazike bao. Débora, kesho... kesho uende ku muto, uchimbe udongo. Lile jiwe ya kulainisha mitungi liko chini ya kitanda yangu. Nililificha. Lilikuwa yake.

Lete mukono. Hapa. Nitasema mara moja.

Kyabu.

Andika, Philémon. Kyabu. Miaka yote hii niliogopa kuitaja... na haikuniua. Débora, hiyo ni jina yako, tangu leo itika.

Kyabu. Mama. Nipe maji sasa.