Kompaila Niliyoiweka Mara Kumi na Moja

Ndugu zangu mlioanza darasa la jioni, asanteni kwa kunisimamisha hapa ukumbini Chapwa. Mtazameni vizuri mjinga aliyepona.

Mchana mimi ni wakala wa mizigo mpakani, jioni nilikuwa mwanafunzi kama ninyi. Mwalimu alisema: Ijumaa programu yako ifanye kazi mbele ya darasa, la sivyo unarudia kozi nzima. Nikaweka kompaila, kile chombo kinachogeuza maandishi yetu kuwa programu, kwenye laptop yangu ya Windows. Nikaibofya. Kidirisha cheusi kikachungulia, kikatoroka kama kimeona askari wa magendo!

Nikamwendea fundi mmoja. Simtaji, jina lake lenyewe litaona haya. Miwani mikubwa, kichwani upepo. "Iondoe, iweke upya." Niliiweka mara kumi na moja! Laptop ilipata moto wa kuchoma mahindi ya Ihanda nzima.

Dada mmoja wa darasani, muuza vitenge, akacheka mpaka akashika ukuta.
"Kaka, hiyo haibofywi. Fungua dirisha la amri, andika jina lake."
Nikaandika. Laptop ikajibu kwamba haiijui amri hiyo.
"Haijui kompaila ilipo, mukwai, bwana wangu. Ongeza folda yake kwenye orodha ya njia, ile PATH, ufungue dirisha jipya."
Ikaitika!

Ijumaa nikaingia na programu yangu kwenye flashi, kifua mbele. Kompyuta za darasa zinatumia Linux, mfumo mwingine kabisa. Ikakataa. Mimi, ninayewafokea madereva kila siku kwamba karatasi za huku hazitoshi ng'ambo ya mpaka, Nakonde, nimevusha programu ya Windows kibubusa! Darasa zima lilinizomea, na nilistahili.

"Leta maandishi yenyewe, uyageuze hapahapa," dada akasema. Nikayageuza, kompaila ikanyamaza, maana yake haikuona kosa. Nikaandika jina la programu: haipatikani. Nikabeba begi niondoke.

"Kaa!" dada akanifokea. "Umesoma ilichosema? Linux haitafuti kwenye folda uliyomo mpaka uiambie. Kabla ya jina tanguliza nukta na mkwaju, ile alama ya mstari ulioinama."

Nikaketi. Ndugu zangu, nawaambia, hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kusoma jibu la kompyuta badala ya kulitukana. Nikaandika. Ikafanya kazi. Mwalimu akanipitisha bila hata kutabasamu.

Dada yangu, asante. Ulinidharau kwa kiasi nilichohitaji. Mwalimu, asante kwa kusubiri. Nanyi wapya, someni mashine inasema nini, na mjue mko kwenye mashine gani. Atakayewaambia "iweke upya" kabla hajasoma, mpeni chai. Kompyuta msimpe.