Mjomba Cherehani: Miaka Thelathini na Mitatu Mbele ya Mwanga

Katika karakana hii hakuna anayenishinda kuchomelea ila mtu mmoja, na mtu huyo anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28, baada ya miaka thelathini na mitatu kazini. Hesabu ni nyepesi: kuanzia Jumatatu, bingwa ni mimi. Msimamizi aliponipa kazi ya kuandika wasifu huu alidhani nitakataa, kwa kuwa shule niliiacha njiani. Hakujua kwamba ni shule iliyoshindwa mwendo wangu.

Tunamwita Mjomba Cherehani. Jina la kwenye kitambulisho analo, lakini hata mlinzi wa getini hulifikiria kidogo kabla ya kulikumbuka. Ni Cherehani kwa sababu mshono wake juu ya chuma hulala sawasawa, utadhani fundi nguo kaupitisha. Alianza hapa kwa kubeba mitungi ya gesi, akapanda hadi kwenye grainda ya kusagia chuma, kisha akakabidhiwa mashine ya kuchomelea, na tangu siku hiyo hajaiachia. Matangi, mageti, ngazi za dharura, fremu za vitanda vya hospitali: ukiona chuma chetu kimeshika miaka ishirini, mkono ni wake. Vilivyoachia ni vya watu ambao adabu inanizuia kuwataja.

Si kwamba hajawahi kukosea. Kuna tangi alilifunga, akalipima, akalipaka rangi, likaenda kwa mteja. Nyundo yake ndogo ikapotea. Wiki mbili baadaye mteja akarudi analalamika kwamba tangi lina jini, kila likisukumwa linagonga kutoka ndani. Mjomba alimsikiliza kwa heshima zote, kisha akamwambia jini huyo ni wake na anamhitaji kazini.

Sasa yale mazito. Hapa kwetu kulikuwa na desturi tuliyoiita kuvua gamba. Mwanga wa kuchomelea huunguza ngozi kama jua kali, ila kwa dakika chache tu. Ukifanya kazi kola wazi, baada ya siku chache shingo inabanduka. Sisi tukajipa ukubwa kwa hilo. Jumatatu asubuhi tulikusanyika kwenye beseni la kunawia tukilinganisha shingo, na ambaye hajabanduka tulimwita bibi harusi. Mikono mirefu ilikuwa ya wanaojifunza. Kombe alilishika Mjomba: mikono kakunja, vifungo viwili vya juu wazi, na akiwa ndani ya tangi, mwanga ukigonga ukuta na kumrudia kisogoni, alisema anapigwa pasi. Macho tuliyaficha nyuma ya kioo cheusi. Ngozi tulisema itaota nyingine.

Mwaka jana mkewe, ambaye sote tunamwita Shangazi, alikuta damu kwenye foronya. Ya kwanza alifua, ya pili alifua. Ya tatu aliikunja, akaitia kwenye mkoba, akaja nayo mpaka hapa karakana na kumchukua mumewe akiwa na viatu vya kazi miguuni. Mjomba alijaribu kusema ana tangi la kumalizia. Shangazi alimjibu kwamba tangi halina mke.

Daktari wa ngozi alitazama kidonda kilichokuwa kisogoni, akakata kipande kidogo kikapimwe, na majibu yakaja kwamba ni saratani ya ngozi. Alipoambiwa kazi ya Mjomba hakushangaa. Alieleza kwamba mwanga ule una mionzi kama ile ya jua, tena sisi tunakaa nao hatua moja, na miaka thelathini ya kola wazi si mchezo. Ile hadithi yetu kwamba ngozi nyeusi haishikwi na maradhi hayo, aliifuta papo hapo.

Walimkata kisogoni kipande cha upana wa kiganja cha mtoto, wakaziba kwa ngozi ya pajani. Wiki tatu tulisubiri kujua kama saratani imebaki ndani. Karakana ilipoa mpaka mteja mmoja akauliza kama tuna msiba. Majibu yakaja safi. Hata hivyo anarudi kupimwa kila miezi mitatu, na akitaka kutazama kushoto hugeuka mwili mzima, kama lori.

Mtu mwingine angebaki nyumbani kungoja tarehe ya kustaafu. Yeye alirudi, akakata aproni kuukuu za ngozi, akavunja sindano sita za mashine ya Shangazi, na kutushonea kola kumi na moja zinazofunga kuanzia kidevuni hadi kisogoni. Akatukusanya palepale kwenye beseni.

“Miaka yote nimewafundisha kushona chuma, sikuwafundisha kufunga kifungo,” alisema. “Nisameheni, wanangu.”

Mtu mzima, anatuomba radhi sisi. Leo joto tunalalamika, kola tunavaa.

Mjomba, asante kwa kila mshono na kwa kila kofi la mgongoni. Nenda ukae kivulini, wajukuu wakuchoshe vizuri, Shangazi akukague kila Jumapili, na kila ukienda hospitali wakose cha kukufanyia.

Wasifu ulipaswa kuishia hapo. Lakini zamu ya kusafisha ngao za uso kila Jumamosi ilikuwa yangu, na damu kwenye mkanda wa kisogoni wa ngao yako niliiona mimi, miezi saba kabla ya Shangazi. Niliifuta kwa kitambaa na sabuni, nikaitundika ngao kwenye msumari wake. Jumamosi iliyofuata nikaifuta tena. Kidonda chenyewe nilikiona kikiwa sawa na punje ya mahindi. Sikukwambia, kwa sababu niliogopa wenzangu watasema naogopa chunusi. Daktari alisema kingewahiwa kikiwa kidogo kingetoka kwa nyuzi tatu tu, na shingo yako leo ingegeuka. Niliona, Mjomba, nikanyamaza.