Mama Aliyeongea kwa Vinywa Viwili

Ndugu zangu wa kikundi, hamjambo? Mmeniuliza mimi, mtoto wa askari wa Koboko, nilipataje hii kazi ya kuandika hadithi. Nawaambia, kwanza nilikuwa bubu. Msicheke, iko kweli.

Mwaka wa 1979 baba alienda vitani, hakurudi. Mama akatuvusha kwa miguu mpaka Zaire. Nilikuwa na miaka saba. Njiani niliona mambo ambayo mtoto hafai kuyaona, na tulipofika, sauti ikakataa kutoka. Hata maji sikuweza kuomba.

Mwanamke mmoja wa kule, Mungu ambariki, alitupa shamba na karanga za mbegu. Nanyi mnajua desturi yetu: anayebangua karanga za mbegu lazima aongee, asije akazitafuna. Mimi nikabangua kimya. Wenzetu wakimbizi wakapiga kelele: "Huyu iko nakula mbegu! Mufukuze!"

Mama yangu akajibu, "Hapana fukuza mutoto yangu. Mimi itaongea yake na yangu."

Akaongea, ndugu zangu! Kila tulipobangua, hadithi juu ya hadithi, zamu yake na zamu yangu, mpaka koo likamkwaruza. Hakunilazimisha kusema hata mara moja. Kwa hilo nampenda kuliko kwa chakula alichonilisha.

Siku moja akafika kwa fisi na sungura. Akasema, "Basi, fisi akamukula sungura. Imeisha."

Nikaropoka, "Hapana! Sungura alitoroka!"

Watu wakageuka kunitazama. Mama hakuinua hata kichwa, vidole vikaendelea na maganda. "Kumbe? Alienda wapi?"

Ikabidi nimtafutie njia. Nikampa shimo, nikampa mke mkali na watoto wabishi. Karanga zikaisha, mimi bado. Ndipo mama akasimama akaita majirani, "Kuja musikie! Sungura iko muzima!" Alikuwa anacheka na kulia pamoja.

Baadaye tulirudi upande wetu wa mpaka, tukajenga hapa Aroi. Kila ninachoandika namsomea yeye kwanza, naye hanihurumii: "Huyo mutu nalia namna gani, na bado hajakula?" Nikimuuliza kama siku ile alikosea makusudi, anacheka tu.

Asanteni nyinyi mliotupokea tukirudi mikono mitupu. Na mwenye mtoto aliyenyamaza, namwomba asimfungue mdomo kwa nguvu. Akae naye, aongee, asichoke.

Mama, simama watu wakuone.

Mnamsikia? Anasema, "Mimi nakaa. Wewe ongea."