Nyasi za Mama Mifupa

Wazee wetu, ndugu na majirani mliokaa hapa uwanjani, mimi ni kitinda mimba wa kwao marehemu, na nimepewa kazi hii kwa sababu dada mwenyewe alisema nina sauti kubwa na akili ndogo, kwa hiyo nivumilieni nikikwama.

Dada yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Mifupa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga, akaanza shule ya msingi mwaka 1968, akamaliza sekondari mwaka 1979, kisha akaenda chuo cha kilimo kusomea udongo hadi alipohitimu Novemba 1983, sisi huku nyumbani tukimcheka kwamba mtu mzima anafunga safari kwenda kusomea matope.

Aliajiriwa kuwa afisa kilimo Februari 1984, na tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na shemeji yetu huyu, fundi wa betri za magari, ambaye karakana yake ilikuwa hapa hapa nyuma ya nyumba, akiyeyusha madini ya risasi ya betri chakavu kama mafundi wote wa wakati ule, wala hakuna aliyejua kwamba vumbi lile ni sumu. Walijaliwa mtoto wa kiume mwaka 1988, na wa kike tarehe 2 Mei 1991, ambaye alipenda kukaa chini na kuramba udongo, akaanza kuumwa tumbo, akaishiwa damu, akashikwa na degedege, na madaktari walipogundua kuwa ana risasi mwilini tulikuwa tumeshachelewa, akafariki tarehe 19 Agosti 1994. Jamani, dada alivunjika.

Kaka wa yule binti naye alipopimwa alikutwa na risasi, nyumba nyingine hawakuwa nayo, na kuuchimba udongo wote na kuubeba ilikuwa kuwapelekea wengine sumu, basi shemeji akaifunga karakana, mtoto akahamishiwa kwangu, na dada akaamua kuitibu ardhi papo hapo ilipo, kwa mifupa ya samaki iliyochomwa na kusagwa, akiichanganya na udongo ili risasi ifungwe humo humo, mwili wa mtoto usiipokee kwa wingi hata akiila, kisha juu akaweka mboji na kupanda nyasi. Alinuka samaki hadi paka wa mtaa mzima wakahamia kwake.

Nyasi ziliposhika, mama mkwe wake alikuja kumpa pole, akauona uwanja umeota majani kama nyumba isiyo na mwenyewe, akaona aibu kwa niaba ya mwanawe, akazing'oa zote na kufagia mpaka udongo ukang'aa, na dada aliporudi kutoka kazini alikaa kizingitini akalia, kisha akaanza upya, safari hii mama mkwe akimsagia mifupa. Mtoto alirudi nyumbani Januari 1997, damu yake ikiwa imeanza kusafika, na tangu hapo dada alitibu nyua za wengine hadi alipostaafu mwaka 2021.

Alianza kusumbuliwa na figo mwaka 2022, akafariki Jumatatu, tarehe 8 Septemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiacha mume, mtoto mmoja na wajukuu wawili ambao hucheza hapo hapo mlipokaa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake, wauza samaki waliomwekea mifupa miaka yote, na ninyi majirani kwa kutolala kwenu.

Jana vijana walikuja na majembe kuparura uwanja ili turubai likae sawa, na shemeji alitoka akaketi juu ya nyasi, wala hakuinuka mpaka majembe yalipowekwa chini. Kwa hiyo kesho, ndugu zangu, tukimaliza msiba, osheni vyombo, kunjeni turubai, lakini uwanja huu mtu asiufagie.

Dada, nyasi zako zipo. Tusalimie binti yako, upumzike kwa amani.